Kaisari Katika Udongo wa Pongwe

Alasiri moja, nilipokuwa nimeketi barazani kwangu hapa Pongwe, Tanga, nikingoja jua lipunguze ukali wake nipate kwenda kuitazama michungwa yangu michache, alinijia kijana mmoja wa jirani, ambaye riziki yake ni kuchimba misingi ya nyumba na vyoo vya shimo, amefumba mkono kama mtu aliyeshika panzi akichelea asimponyoke, akaniamkia, "Shikamoo, babu," na kabla marahaba yangu haijafika mwisho akaufumbua mkono ule mbele ya macho yangu. Kiganjani mwake, katika vumbi jeupe la chokaa ambalo halimtoki mchimbaji wa Pongwe hata aoge mara ngapi, ilikuwamo sarafu ya fedha, upana wake kadiri ya kizibo cha chupa ya soda, nyeusi kama iliyofukizwa moshi.

"Babu," akasema kwa kunong'ona, ingawa hapakuwa na msikilizaji ila kuku, "hii ni ya Warumi. Nimeyasoma maandishi yake nikayatafuta katika simu. Hapa pana neno Imperator, na Imperator ndiye mfalme wa Roma."

Nikavaa miwani, nikatwaa na kioo cha kukuzia ambacho hunisaidia kusoma msahafu wa chapa ndogo, nikaiinua sarafu ile kwenye mwanga. Upande mmoja palikuwa na kichwa na mabega ya mwanamume mwenye masharubu yaliyosokotwa yakaelekea juu, amevaa kofia ya chuma, na juu ya kofia ametua tai aliyefungua mbawa. Na kumzunguka, kwa herufi za Kirumi zilizokolea, maneno GUILELMUS II IMPERATOR. Nikaigeuza. Simba amesimama mbele ya mti wa jamii ya mnazi, ndani ya ngao. Jina refu la Kijerumani la kampuni. Thamani, rupia moja. Na mwaka, 1892. Hakuwa Mrumi. Alikuwa Wilhelm wa Pili, mtawala wa Wajerumani, na sarafu ile ilikuwa rupia ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ambayo ilianza kutoa fedha zake katika nchi hii mwaka 1890, baada tu ya Abushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani hao, kunyongwa Pangani mwezi Disemba 1889. Nilipomweleza hayo kijana akasawijika, kwani tangu asubuhi alikuwa amekwisha ijenga moyoni mwake nyumba ya bati kwa thamani ya sarafu ile.

Lakini kadiri nilivyozidi kuigeuzageuza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mchimba vyoo wetu hakukosea sana. Neno Imperator ni la Kilatini, na halikuwekwa pale kwa bahati. Aliyeliweka alitaka lisomwe vile vile kijana alivyolisoma, yaani kwamba mtu huyu wa Berlin ni mrithi wa wale wa Roma, kama ambavyo jina la cheo chake kwa Kijerumani, Kaiser, ni lile lile la Kaisari. Zaidi ya hayo, sarafu iliyofuliwa kwa amri ya dola ya mbali, yenye uso wa mtawala ambaye watu wake hawatamwona maisha, ikatumwa kutumika katika nchi isiyosema lugha yake, ni ndugu wa toka nitoke wa sarafu ambazo wakusanyaji wa ulimwengu huziita sarafu za majimbo ya Roma. Nikamwambia aketi kitako, nami nikamweleza kama ninavyokueleza wewe, msomaji.

Tangu zama za Kaisari Augusto, aliyeishika Roma mwaka 27 kabla ya Masihi, palikuwa na fedha za namna mbili katika milki ile. Ya kwanza ni ya dola yenyewe, dhahabu na fedha safi, yenye maandishi ya Kilatini, ambayo mishahara ya askari ililipwa kwayo. Ya pili ni ya majimbo: mamia ya miji, na hususa ile ya mashariki katika Asia Ndogo, Shamu na Misri, iliachiwa ifue sarafu zake yenyewe, aghalabu za shaba, za kununulia mkate na mafuta na samaki sokoni, na kwa kuwa watu wa mashariki walisoma Kiyunani, maandishi yakawa ya Kiyunani. Hata cheo cha mtawala kilitafsiriwa: Imperator wa Kilatini akawa Autokrator. Uso wa Kaisari uliwekwa upande mmoja, maana hapakuwa na hiari katika hilo, lakini upande wa pili ulikuwa wa mji, na mji uliweka pale kile ulichojivunia. Waefeso waliweka hekalu la Artemi wao. Watu wa Iskanderia wakaweka mto Nili katika umbo la mzee mwenye ndevu ameegemea, na mara nyingine mamba pembeni mwake. Watoto wetu waliorusha shilingi ya mwaka 1966 wakiulizana "kichwa au mwenge?" walikuwa wakiuliza swali ambalo watoto wa Efeso wangelifahamu mara moja.

Miji ya magharibi ilinyamaza mapema, ile ya mashariki ikaendelea hata karne ya tatu, na Iskanderia ikawa miongoni mwa ya mwisho, mpaka Kaisari Dioklesiano alipozikomesha sarafu zake za Kiyunani mwishoni mwa karne hiyo na kuiingiza Misri katika fedha moja ya dola. Ndiyo sababu mkusanyaji mwenye mfuko mwembamba hupendelea sarafu hizi kuliko dhahabu: hazikuchongwa kwa ustadi mkubwa, nyingi zimelika kwa kupita mikononi, na bei yake huko Ulaya mara nyingi ni ndogo kuliko ya viatu vizuri, lakini zinamwonyesha soko na mungu na mto wa mji ambao huenda leo ni kifusi tu. Mimi binafsi, ningelipewa nichague, ningeuacha uso wa Kaisari, ambao ni ule ule kila mahali, nikauchukua mgongo.

"Basi hazikufika kwetu?" kijana akauliza, kwani alikuwa bado hajakata tamaa.

Swali hilo ni zuri, na jawabu lake lina mshangao ndani yake. Katika karne ya kwanza baada ya Masihi, Myunani mmoja wa Misri ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliandika kitabu cha uongozi wa safari za bahari ya Shamu na bahari ya Hindi, kijulikanacho kwa jina la Periplo, na ndani yake ameitaja pwani yetu mpaka soko la mwisho, liitwalo Rapta. Mahali pake hasa pana mabishano. Wengine wamepatafuta Pangani, wengine delta ya Rufiji. Mwandishi huyo anasema jina lile limetokana na mashua za kushonwa, na mtu wa pwani asomapo maneno hayo humwona mtepe mbele yake, usio na msumari hata mmoja. Anasema pia kwamba manahodha na mawakala wa Kiarabu kutoka Muza, bandari ya Yemeni, waliijua pwani hii, wakaoa kwa wenyeji na kuifahamu lugha yao, habari ambayo ingeweza kuandikwa juu ya mtaa wowote wa Tanga miaka mia iliyopita.

Sasa tazama alichokiorodhesha katika bidhaa. Katika bandari za kaskazini anataja, pamoja na vitu vingine, fedha kidogo. Lakini kwa Rapta anataja mikuki iliyotengenezwa Muza mahsusi kwa biashara hii, na mashoka, na majambia, na misharasi, na vyombo vya kioo. Na mahali pengine divai na ngano kidogo, si za kuuza bali za kutafutia urafiki. Kwa badali wakachukua pembe za ndovu, vipusa na magamba ya ng'amba. Fedha kwa Rapta hakuitaja kabisa. Na hata mfanyabiashara wa Iskanderia angelitaka kuleta fedha, sarafu za kwao hazikuwa za kusafiri: Misri chini ya Warumi ilikuwa kama ua lenye mlango mmoja, ambamo fedha za nje hubadilishwa mtu aingiapo, na za ndani hazina kazi nje. Mtu wa Rapta angezifanyia nini? Shoka alilijua kazi yake. Ndiyo maana athari za Warumi zilizothibitika kwetu ni za namna nyingine, kama ushanga wa kioo ambao Profesa Felix Chami aliufukua karibu na Rufiji.

Ipo hadithi moja ya sarafu, nayo husimuliwa sana. Mwingereza mmoja, Kapteni Haywood, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alifika Bur Gabo, katika pwani ya kusini ya Somalia ya leo, akasema amezipata huko sarafu nyingi za kale, za akina Ptolemayo wa Misri na za makaisari kadha wa kadha. Naye Harold Mattingly wa Makumbusho ya Uingereza akazieleza kitaalamu mwaka 1932. Ila katika fungu lile lile mlikuwamo pia sarafu za Misri za Wamamluki na za Waturuki, waliotawala karne nyingi baada ya makaisari hao, na wataalamu wengi wamesema, kwa adabu ya kitaalamu, kwamba mchanganyiko wa namna hiyo unafanana zaidi na kopo la mkusanyaji aliyepita Misri kuliko na dafina ya wafanyabiashara wa zamani. Mimi nakubaliana nao. Sarafu isiyo na shahidi wa mahali ilipotoka ni kama mtoto wa kuokotwa, kila mtu aweza kumpa ukoo autakao.

Kwa hiyo mwana wa Tanga anayetaka kukusanya sarafu za majimbo hana haja ya kuagiza shaba za Efeso, na akiziagiza ajihadhari, maana za bandia ni nyingi, nazo aghalabu humwagwa katika kalibu na kuacha ukingo wenye mshono. Zake ziko hapa hapa. Nilisimama nikaingia ndani, nikamletea kijana kopo langu la maziwa ya unga, nikamtolea pesa.

Nasema pesa kwa maana yake ya kwanza: kipande kidogo cha shaba, ambacho jina lake lilitoka Bara Hindi na lilikuwa limezoeleka pwani kabla Mjerumani hajaja, kwani Sultani Barghash wa Unguja alikwisha toa pesa zake zenye picha ya mizani mwaka 1299 wa Hijra, ambao ni 1882. Hii yangu ni ya Kampuni. Usoni pana tai wa Kijerumani, na jina la Kampuni, na mwaka 1890. Lakini nyuma yake hakuna herufi hata moja ya Kizungu: ndani ya shada la majani pameandikwa kwa Kiarabu jina la Sharika ya Kijerumani, na chini yake mwaka 1307. Mwisho wa neno pana mkwaruzo, labda wa kisu cha mtu aliyetaka kujua kama ni shaba kweli.

Kijana, aliyesoma chuoni kwa maalimu kabla ya kusoma shule, akayafuata maandishi kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto, akayasoma bila ya msaada wangu, kisha akaitazama rupia yake na kuitazama pesa yangu. Hakuna haja ya kueleza zaidi. Katika fedha ya thamani, ambayo hupita mikononi mwa wenye mashamba na maofisa, Kaisari alisema Kilatini. Katika shaba ya sokoni, ya kununulia kisamvu na dagaa, ilimpasa aazime hati za watu wa pwani, ambao wakati huo waliandika Kiswahili chao, barua zao na hesabu zao kwa herufi za Kiarabu. Warumi walifanya vivyo hivyo na Kiyunani. Mtu akitaka shaba yake ikubaliwe na mwuza samaki, lazima aiseme lugha ya mwuza samaki.

Pesa 64 zilifanya rupia moja. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, ikiwa rupia 3 kwa mwaka katika vijiji, mtu wa shamba alitakiwa, akihesabu kwa shaba, kukusanya pesa 192. Na ndipo fedha hizi zilipoacha kuwa kitu cha sokoni zikawa kitu cha kumtoa mtu kwake akavunje mawe ya reli au akakate mkonge. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na kipande chake cha kwanza kilifika hapa hapa Pongwe mwaka 1894, kabla ya kuendelea Muheza. Mkonge nao uliletwa mwaka 1893. Rupia ya 1892, iliyolala karibu na njia ya reli, huenda ilidondoka mfukoni mwa mtu ambaye jasho lake la siku nyingi lilikuwa ndani yake. Siwezi kuapa, lakini sidhani kama alilala usingizi usiku ule.

Mwaka 1904 Serikali ya Kijerumani, iliyokwisha ichukua kazi ya fedha kutoka kwa Kampuni, iliiondoa hesabu ya 64 ikaweka ya 100, na sehemu ya mia ya rupia ikaitwa heller. Hapo maandishi ya Kiarabu yakatoweka katika sarafu. Lakini watu wakaichukua heller wakaifanya hela, na sasa, zaidi ya miaka 100 tangu Mjerumani aondoke, Mtanzania asiye na kitu husema hana hela, wala hajui kwamba anamtaja Mjerumani. Hela 10, zilizotobolewa tundu katikati, zilifaa kutungwa uzi, na bibi zetu wengine walizivisha watoto shingoni. Za mwisho kabisa zilifuliwa Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, vita vikiwa vimekwisha funga bahari: hela za shaba kwa maelfu, na pamoja nazo sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu yake ikitoka machimbo ya Sekenke, yenye picha ya ndovu aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilifuliwa takriban 16,000 tu. Sijapata kuishika hata moja, wala sitarajii.

Hapa sina budi kusema neno la hadhari, kwa sababu dalali mmoja alikwisha mnong'oneza kijana wetu kwamba rupia ya Mjerumani huuzwa kwa mamilioni. Uvumi huo umeenea, na umewafanya watu wachimbue makaburi na kuta za kale wakitafuta "mali ya Mjerumani". Rupia ya 1892 si adimu. Ina fedha ya gramu zisizozidi 12, na sonara akikupa bei ya fedha hiyo hajakudhulumu sana. Kwa upande mwingine, sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, na haimruhusu mtu kuvichimbua, kuviuza wala kuvitoa nje ya nchi pasipo idhini. Sarafu za Kilwa zimo humo. Hizo ni vipande vidogo vya shaba vya masultani wetu wenyewe, ambavyo havina uso wa mtu wala, kwa kawaida, mwaka. Ya Ali bin al-Hasan ina jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno yenye kina na jina hilo, kwamba amemtumainia Mola mwenye neema. Fungu kubwa la sarafu za fedha za namna hiyo, zaidi ya 2,000, lilipatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, pamoja na dinari za dhahabu za Kifatimi. Nalo limetufundisha mengi kwa sababu moja tu, kwamba lilipatikana pamoja na kuandikwa pamoja. Fikiri lingeuzwa kipande kipande mnadani! Atakayeokota ya namna hiyo Tongoni au kwingineko asiitie mfukoni. Aiache, au aipeleke kwa wahusika, aonyeshe na mahali.

Zile za baada ya mwaka huo wa 1863, yaani pesa na hela na rupia, na shilingi za mkoloni wa pili, na senti za Jamhuri zenye samaki na mbuni na sungura, zinatosha kumshughulisha mtu umri mzima. Hazihitaji fedha nyingi, bali zahitaji subira, na mkono mwepesi. Usiisugue sarafu kwa majivu, wala ndimu, wala dawa ya meno. Weusi wa fedha ni ngozi yake, na aichunaye huondoa nusu ya thamani. Ioshe kwa maji safi, ikauke kivulini. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, kwa hiyo usiitie katika mfuko wa nailoni ukaifungia jasho. Bahasha ya karatasi yatosha, katika kopo lenye kifuniko. Na ukikutana na riyali, ile sarafu kubwa ya fedha yenye jina la Maria Theresa, isikudanganye kwa mwaka wake: zote zimeandikwa 1780, hata zilizofuliwa karne nzima baadaye.

Kijana aliniuliza kama nitainunua rupia yake. Nikamwambia la, bali nitampa bahasha, kwa sharti anijibu. Umeipata wapi? Nyuma ya nyumba ya jirani, upande wa njia ya reli. Kina gani? Akasimama, akajigusa kiunoni. Kulikuwa na nini kingine? Akafikiri sana. Gae la sahani nyeupe lenye ua la buluu, akasema, na msumari mkubwa wenye kichwa cha mraba, ambao ameutupa. Nikamwomba akautafute, naye akaurudisha kabla ya magharibi: ni msumari wa kufungia reli.

Nawe msomaji wa Tanga, Muheza, Pangani au popote, ikiwa kuna kopo chini ya kitanda cha bibi yako, mwombe akufungulie akiwa bado yu hai, umwulize kila kipande kilifikaje mikononi mwake, ukaandike jawabu lake siku hiyo hiyo. Bahasha ya kijana yule imeandikwa hivi: Pongwe, shimo la choo, kina cha kiuno, pamoja na msumari wa reli.